Mwanamke na Wazimu katika Riwaya za Kwanza za Nchi za Ziwa

Lugha ya Kiswahili ina maneno mengi ya kumtaja mtu ambaye akili yake imepotea njia, wala si yote yaliyo na uzito mmoja. Wazimu ni neno la kale, nalo lina nasaba na mzimu, yaani roho ya aliyekufa. Kwa hiyo mwenye wazimu, kwa asili ya neno, ni mtu aliyeingiliwa. Kichaa ni neno la sokoni na barabarani. Mwehu na punguani ni matusi kuliko maelezo. Aliyerukwa na akili ni kama mtu aliyeshika ndege, naye ndege akamponyoka. Huzuni, kwa upande wake, haikai kichwani bali moyoni. Ndiyo maana twasema moyo wasonona, na siku hizi waganga wa hospitali wamelitwaa tendo hilo wakalifanya jina la maradhi, wakayaita sonona. Nimeanza na maneno kwa sababu jambo ninalokusudia kulieleza, yaani uhusiano wa kuonewa kwa mwanamke na maradhi ya akili katika hadithi za kubuni, kwanza kabisa ni jambo la kutaja. Nani ana mamlaka ya kumwita mwanamke mgonjwa? Humwita kwa neno gani? Na nini humpata mwanamke huyo baada ya kuitwa hivyo?

Nchi nitakayoitazama ni ile ya kusini mwa Ziwa Nyanza: Shinyanga na mbuga zake, Geita na migodi yake ya dhahabu, na pamoja nazo kisiwa cha Ukerewe, ambacho kimeizalia fasihi ya Kiswahili waandishi wa riwaya kupita kadiri ya ukubwa wake. Lakini kabla ya kufika huko yatupasa kuvuka bahari kidogo, maana hoja yenyewe ilipata umbo lake la kwanza mbali na hapa.

Mwaka 1892 gazeti moja la Marekani lilichapa hadithi fupi ya Charlotte Perkins Gilman iitwayo The Yellow Wallpaper. Mwanamke aliyejifungua karibuni ameshikwa na unyonge wa moyo. Mumewe ni daktari, na kama daktari amempa amri ya kupumzika: asifanye kazi, asiandike, asifikiri sana. Amewekwa katika chumba cha juu chenye madirisha ya nondo, na kuta zake zimebandikwa karatasi ya njano yenye michoro ya kuchukiza. Siku zikipita anaanza kumwona mwanamke mwingine nyuma ya michoro ile, akitikisa apate kutoka. Mwishowe anaibandua karatasi kwa mikono, naye anatambaa kuzunguka chumba huku mume amezimia mlangoni. Gilman hakubuni yote. Mwaka 1887 yeye mwenyewe alitibiwa na daktari mashuhuri, S. Weir Mitchell, ambaye alimwagiza aishi maisha ya nyumbani kadiri iwezekanavyo na asishike kalamu tena. Baadaye alieleza kwamba nakala ya hadithi alimpelekea daktari huyo.

Katika hadithi hiyo mna mambo mawili ya kuzingatia, kwa kuwa nitayatumia kama vipimo. La kwanza ni kwamba anayeonea na anayetibu ni mtu mmoja, tena ni mtu mwema. Mume yule hapigi wala hatukani. Humwita mkewe kwa majina ya mapenzi kama mtoto. La pili ni kwamba anayesimulia ni mgonjwa mwenyewe. Hadithi nzima ni ya nafsi ya kwanza, na msomaji hana mlango mwingine wa kuingilia ila akili ile ile inayosambaratika. Mwanamke huyu hakupewa jina lolote lisilo na shaka, lakini amepewa kiwakilishi kimoja kikubwa, nacho ni mimi.

Afrika nayo ilipata hadithi za namna hiyo, na mbili zilitoka karibu wakati mmoja. Bessie Head, aliyezaliwa mwaka 1937 katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Pietermaritzburg alikofungiwa mama yake, alitoa A Question of Power mwaka 1973. Elizabeth wa riwaya hiyo anateswa na sauti na sura zinazomjia usiku katika kijiji cha Botswana, na kinachomrudisha duniani ni bustani ya mboga anayoilima pamoja na wenzake. Rebeka Njau wa Kenya alitoa Ripples in the Pool mwaka 1975, ambamo Selina, mwanamke wa mjini aliyekuwa muuguzi, anaolewa shamba na kuharibikiwa akili mle. Zote mbili ziliandikwa kwa Kiingereza. Je, Kiswahili, na hasa Kiswahili cha Kanda ya Ziwa, kilikuwa na nini katika miaka hiyo?

Jibu la haraka ni kwamba hakikuwa na chumba kile cha juu. Nyumba ya Msukuma wa kale haikuwa na mahali pa kumfungia mke apumzike, wala hapakuwa na mume aliyeona haja ya kumpumzisha. Mwanamke alikuwa shambani, kisimani, na jikoni. Ajabu ni kwamba katika Shinyanga jiko ndilo lililotoa alama ambayo kwayo mwanamke mzee alihukumiwa, nami nataka kulieleza jambo hili kwa urefu kwa kuwa wahakiki wa fasihi hawakulitilia maanani.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 serikali ya Kiingereza iliifanya Shinyanga kuwa makao ya uchunguzi wa mbung'o, chini ya C. F. M. Swynnerton, mtaalamu aliyekufa kwa ajali ya ndege mwaka 1938. Dawa ya mbung'o ilikuwa kumnyima kivuli. Vichaka vikafyekwa kwa maeneo makubwa, na nchi iliyofyekwa ikajazwa ng'ombe na pamba. Kwa mwenye ng'ombe ilikuwa neema. Kwa mpishi ilikuwa habari nyingine, maana kuni zilikwenda mbali mwaka baada ya mwaka, hata akina mama wakawa wanapika kwa mashina ya pamba, mabua, na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Ni mwaka 1986 tu ndipo serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga na kuhimiza watu warudie desturi yao ya ngitili, yaani kutenga sehemu ya malisho na miti isiguswe kwa majira fulani. Aliyepika kwa moshi wa namna ile miaka 40 macho yake huwa mekundu. Na katika Usukuma jicho jekundu la kikongwe likawa ushahidi wa uchawi.

Matokeo yake yanajulikana. Kati ya mwaka 1970 na 1984 zaidi ya watu 3,000 waliuawa katika Tanzania kwa kushukiwa kuwa ni wachawi. Walio wengi ni wanawake, na sehemu kubwa ni wa mikoa ya Mwanza na Shinyanga kama ilivyokuwa wakati huo. Simeon Mesaki, mwanachuoni wa Tanzania, aliyachunguza mauaji hayo katika tasnifu yake ya mwaka 1993. Mwaka 2005 mtaalamu wa uchumi Edward Miguel alitoa uchunguzi wake wa wilaya ya Meatu, ambayo wakati huo ilikuwa ndani ya mkoa wa Shinyanga na tangu 2012 imo katika mkoa wa Simiyu. Alionyesha kwamba katika miaka ya ukame mkali au mafuriko mauaji ya wanaodhaniwa wachawi yaliongezeka hata kufikia mara mbili ya miaka mingine, ilhali mauaji ya aina nyingine hayakuongezeka hivyo. Waliouawa walikuwa aghalabu vikongwe wa kike, na mara nyingi mkono uliohusika ulikuwa wa jamaa zao.

Sasa na tuyaweke maradhi ya akili mahali pake katika habari hii. Kuna maradhi ya uzeeni ambayo humwondolea mtu kumbukumbu. Mgonjwa husahau majina ya wanawe, husema peke yake, hutoka nje usiku asijue aendako, pengine bila nguo, na hukasirika pasipo sababu. Mtu akitaka kuandika orodha ya mambo yanayosemwa kuhusu mchawi, hana haja ya kuongeza mengi. Katika nchi ya Gilman mwanamke mwenye huzuni aliitwa mgonjwa ili anyamazishwe. Katika nchi hii mwanamke mgonjwa hakupata hata hadhi ya kuitwa mgonjwa. Neno lililokuwa likimngoja lilikuwa jingine. Katika Kisukuma uchawi ni bulogi, na mganga wa kupiga ramli, ambaye pengine ndiye aliyetaja upande ambako adui yuko, ndiye aliyechukua nafasi ya daktari wa hadithi ya Marekani. Tofauti ni kwamba huyu hakuagiza mapumziko.

Mtu aweza kusema kuwa mwanamke wa Afrika ya Mashariki amekuwa na njia yake ya kutoa uchungu, nayo ni pepo. I. M. Lewis, katika maandishi yake ya mwaka 1966 na kitabu chake cha 1971, alieleza kwamba pepo huwapanda zaidi watu walionyimwa nguvu, na hasa wake; pepo hudai nguo, manukato na karamu ambavyo mke mwenyewe asingethubutu kumdai mume. Msomaji wa pwani anazijua ngoma hizo. Huku bara, Buswezi, chama cha siri chenye kumheshimu Lyangombe, kilienea kwa Wanyamwezi na Wasukuma na kiliwapokea wanawake kama kilivyowapokea wanaume. Maelezo ya Lewis yana nguvu, lakini nahisi yanaridhika mapema mno. Pepo apewapo kanga hutulia, na nyumba hubaki ilivyokuwa.

Nije sasa kwenye riwaya zenyewe. Ya kwanza kwa umri wa kuandikwa, ingawa si kwa kuchapwa, ni ile ndefu ya Aniceti Kitereza wa Ukerewe, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Kitereza alizaliwa mwaka 1896 na kusomeshwa na mapadre wa misheni ya Kagunguli. Kitabu alikimaliza mwaka 1945 kwa lugha yake ya Kikerewe, na kwa sababu ya lugha hiyo hakuna aliyetaka kukichapa. Akiwa mzee alikitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House wakakitoa mwaka 1980. Alifariki mwaka 1981.

Mwanzo wa kisa ni dhiki ya mwanamke asiye na mtoto. Bugonoka ameolewa na Myombekere, wanapendana, lakini mimba hazikai, na ndugu za mume humsimanga hata masimango yakawafikia wazazi wake. Wazazi wanakuja kumchukua. Kinachofuata ni safari ya mume kwenda kuomba radhi ukweni, kutozwa pombe ya ndizi, kuitafuta na kuipika, kisha kumrudisha mke na kumtafuta mganga, ambaye ni Kibuguma, ili tumbo lake litibiwe. Wengi wamekisifu kitabu hiki kwa wingi wa mila zilizohifadhiwa ndani yake, ni kweli zimo, tena kwa utaratibu wa mtu anayejua kwamba wajukuu watasahau. Lakini chini ya mila hizo kuna jambo ambalo kwangu ni zito zaidi. Mwandishi mwanamume, mtu wa mwaka 1945, amekataa kumwacha mke tasa abebe lawama peke yake. Myombekere hakuoa mke wa pili ingawa watu walimhimiza. Alichukua kikapu na kwenda kuomba. Wanaojua maisha ya Kitereza wanajua pia kwamba yeye na mkewe walizika watoto wao wote wakingali wadogo.

Na majina! Ntulanalwo, mwana wa kiume, ni jina lenye maana ya mtu anayeishi pamoja na kifo. Bulihwali, binti, ni swali la lini msiba utakwisha. Katika mila za Ukerewe mtoto aliyezaliwa baada ya vifo hupewa jina la namna hii, na mama ndiye anayelitamka mara mia kwa siku, akiita mtoto aje kula au aache kuchezea moto. Ukitaka kuona jinsi jamii isiyo na neno la daktari kwa huzuni ya mama inavyoihifadhi huzuni hiyo, itazame katika majina hayo. Bugonoka hakuwa mwendawazimu. Alikuwa na mume, wazazi na mganga waliokubali kwamba uchungu wake ni jambo la watu wote wa nyumba mbili, nao uchungu ukapata pa kwenda. Hata hivyo msomaji wa leo hataacha kuuliza ingekuwaje lau dawa za Kibuguma zisingefaa. Kitabu hakijibu, na sidhani kuwa kilitaka kujibu.

Baada ya Kitereza twafika kwa Euphrase Kezilahabi, naye ni mzaliwa wa Ukerewe, wa kijiji cha Namagondo, mwaka 1944, aliyefariki mwaka 2020. Riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, ilitolewa mwaka 1971 na East African Literature Bureau, ikapigwa marufuku kusomwa shuleni kwa sababu ya kutaja mambo ya zinaa na utoaji mimba bila pazia, kisha miaka ilipopita ikaingizwa katika orodha ya vitabu vya sekondari. Rosa ni binti mkubwa wa Zakaria, mlevi, aliyewahi kuwa mwalimu. Baba anapogundua barua ya mvulana kwa binti yake anampiga kikatili, na tangu siku hiyo Rosa anakua akimwogopa kila mwenye suruali. Akifika chuoni, mbali na jicho la baba, hofu inageuka kinyume chake. Anajitupa kwa wanaume, anatoa mimba, na mchumba wa kweli anapopatikana, naye akamkataa kwa kukosa ubikira, Rosa anajiua.

Mwaka huo huo wa 1971 Bunge lilipitisha Sheria ya Ndoa, ambayo pamoja na mengine ilikataza mwanandoa kumpiga mwenzake kwa kumrudi, lakini ikaruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa idhini ya wazazi. Yaani sheria ilimlinda mke mkononi mwa mume. Kuhusu binti mkononi mwa baba, riwaya ilikuwa mbele ya Bunge. Na jambo hili si la zamani lililokwisha. Katika uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010, katika mkoa wa Shinyanga wanawake 59 katika kila 100 wa umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18, idadi iliyoshinda mikoa mingine. Vifungu vya umri katika sheria hiyo vilihukumiwa na Mahakama Kuu mwaka 2016 kuwa vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu mwaka 2019.

Kezilahabi aliona wazi chanzo cha maangamizi ya Rosa, na kwa hilo anastahili heshima yote aliyopewa. Walakini nina neno juu ya namna alivyomwona. Rosa twamtazama kutoka nje. Twajua alichotenda, twajua aliyemtendea, tena mwandishi haachi kutueleza sababu. Lakini ndani ya kichwa chake, katika miaka ile ambamo hofu inageuka tamaa na tamaa inageuka chuki ya nafsi, hatukaribishwi tukakaa. Ni jambo la kushangaza kwa sababu miaka mitatu baadaye, mwaka 1974, mwandishi huyo huyo alitoa Kichwamaji, ambayo ni mojawapo ya riwaya za Kiswahili zenye kuingia ndani kabisa ya akili inayougua. Kazimoto anasimulia mwenyewe. Mashaka yake, ndoto zake, kichefuchefu chake juu ya maisha, vyote vimo katika nafsi ya kwanza mpaka anajipiga risasi. Katika kitabu hicho hicho yumo Rukia, dada yake, msichana aliyepewa mimba na Manase na kufa kwa ajili yake. Ikiwa kuna mtu katika Kichwamaji aliyekuwa na sababu ya kuuliza maisha yana maana gani, ni Rukia. Swali hilo amepewa kaka.

Hapa ndipo kipimo cha Gilman kinapotufaa. Katika riwaya za mwanzo za Ziwa wanaume wanapewa wazimu wa kufikiri, na wanawake wanapewa kifo. Kazimoto anayo mimi. Rosa na Rukia wana yeye. Mwaka 1975 Kezilahabi akaongeza Dunia Uwanja wa Fujo, ambamo Tumaini anatoka Ukerewe kwenda Shinyanga, anafungua shamba kubwa la pamba, na shamba linapochukuliwa kwa siasa ya vijiji anaua na kunyongwa. Shinyanga hiyo ya pamba na Operesheni Vijiji ndiyo ile ile ambayo jioni moja baada ya nyingine wazee wa kike walikuwa wakiuawa. Kitabu kinatazama ghadhabu ya mwenye shamba. Wao wako pembeni.

Itasemwa kuwa hayo yangesahihishwa na waandishi wa kike, nao walikuwapo. Ndyanao Balisidya alitoa Shida mwaka 1975, na Penina Muhando alikuwa ameanza kutoa tamthilia zake tangu mwaka 1972, hata kufikia Nguzo Mama ya mwaka 1982, ambayo inawaonyesha wanawake wakishindwa kuisimamisha nguzo moja kwa kuwa kila mmoja amefungwa na mzigo wake. Ni kazi muhimu. Lakini waandishi hawa, kwa haki kabisa, waliandika juu ya jamii: mji na shamba, mume na mke, chama na serikali. Wakati ule wa kujenga taifa, mtu kukaa na maradhi ya nafsi yake kungeonekana ni anasa ya Wazungu. Njau aliweza kwa Kiingereza kwa sababu, nadhani, msomaji wake hakuwa yule yule.

Imebaki Geita, na huko habari inachukua sura ambayo mwandishi yeyote wa miaka ile asingeiota. Mgodi wa wakoloni ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 mpaka 1966. Mgodi mkubwa wa siku hizi ulifunguliwa mwaka 2000. Na kati yao, na pembezoni mwao, ni wachimbaji wadogo kwa maelfu. Wanawake wengi hawashuki shimoni, kwani katika maduara mengi yasemekana kwamba dhahabu humkimbia mwanamke, hasa akiwa katika siku zake. Kazi yao huwa juu: kuponda mawe kwa nyundo, kubeba maji, kuosha mchanga kwenye mialo, na kuuza chakula. Katika kuchenjua, dhahabu hushikwa kwa zebaki, na zebaki huchomwa moto ili dhahabu ibaki peke yake. Moshi ule hauna rangi ya kutisha kama wa kinyesi cha ng'ombe. Lakini mvutaji wake wa miaka mingi huanza kutetemeka mikono, hukosa usingizi, huwa mwepesi wa hasira na haya kupita kiasi, na kumbukumbu humpungua. Katika karne ya 19 Waingereza waliona dalili hizo kwa watengeneza kofia, waliotumia zebaki kulainisha manyoya, wakawafanya mfano wa watu wenye wazimu. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa uliofanywa Rwamagasa, wilayani Geita, mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikuta sumu hiyo katika miili ya wachomaji. Tanzania iliridhia mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2020, lakini zebaki haijatoweka mialoni.

Mwanamke akianza kutetemeka na kusema ovyo karibu na mwalo, atapewa neno gani? Mlevi ndilo la kwanza. Akiwa kijana huenda ikasemwa amepandwa na pepo, au amelogwa na mke mwenza. Akiwa mzee, na macho yake ni mekundu, tumekwisha ona neno linalofuata. Sumu ya madini ndiyo ya mwisho kufikiriwa. Na hata ikifikiriwa, hospitali kubwa ya kale ya maradhi ya akili, Mirembe, iko Dodoma. Walio karibu huenda Bugando, Mwanza, wakiwa na nauli na mtu wa kuwapeleka.

Riwaya ya mwanamke huyo haijasimama mahali pa Kazimoto. Hata hivyo, kuna maandishi mengine ambayo mtafiti wa fasihi angeweza kuyasoma wakati anaingoja, nayo ni kumbukumbu za mahakama. Tangu shauri la Fabiano Kinene la Uganda, mwaka 1941, Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki ilikubali kwamba katika hali fulani mtu aliyeua akiamini kwamba anarogwa papo hapo aweza kuhesabiwa kuwa alichokozwa. Marehemu katika shauri hilo, ambaye alikuwa mwanamume, alikutwa usiku akitambaa uchi karibu na nyumba ya mshtakiwa. Mashauri ya Usukuma yaliyofuata ni mengi, na muundo wa maelezo hurudia: mshtakiwa husema, mimi niliona, mimi niliogopa, mimi mtoto wangu alikuwa mgonjwa. Mganga hutajwa. Majirani hutoa ushahidi juu ya macho ya kikongwe, na juu ya usiku aliokutwa akizunguka peke yake. Katika kurasa zote hizo yeye huitwa marehemu, na maelezo ya daktari juu yake huanza na jeraha. Hali ya akili yake kabla ya panga haimo katika mambo ambayo mahakama ililazimika kuyauliza.